Injini ya Kilima cha Kidichi

Kiwengwa, Unguja
6 Januari 1955

Kwa shemeji yangu Miraji, Mombasa.

Pokea salamu zetu, na juu yake za mama yako Bi Kazija. Ulimi wake haujarudi sawasawa tangu kiharusi kilipompiga, lakini jina lako analitamka bila kukwama. Dadako Mashavu ndiye anayemlisha asubuhi na jioni, maana mkono wa mtu mwengine haupokei. Juzi nilijaribu mimi kumpa uji, akafumba mdomo akanitazama kama mtu aliyekuja kumwibia.

Leo lakini sikuandiki kwa salamu tu. Unalijua gari la marehemu ami yangu, ile Shevroleti ya mwaka thalathini na saba aliyokuwa akiendea shambani kwake Kidichi. Nilipooa kwenu nikahamia huku, nilikuja nalo, na tangu hapo ndilo linalonilisha: samaki na watu kwenda mjini, mchele na vitambaa kurudi. Mwili wake ungali mzima. Injini ndiyo iliyochoka. Zile silinda sita zilizopangana mstari mmoja zimelika kwa uzee, moshi unatoka wa buluu, na tukifika kilima cha Kidichi abiria huteremka wakapanda kwa miguu, mimi nikatangulia peke yangu kwa gia ya kwanza kwenda kuwangojea juu. Wenyewe hucheka. Mimi nshachoka kucheka.

Wewe uko karakanani, una mashine za kuchonga chuma ambazo hapa sizijui zilipo. Nataka unijengee injini. Iwe ya silinda sita za mstari mmoja vilevile, ipate kukaa mahali pake, lakini kubwa zaidi na yenye nguvu kuliko gari lenyewe lilivyozaliwa nayo. Nataka ipande Kidichi na watu ndani, asiteremke mtu.

Na nnaitaka kabla masika hayajakwisha. Baada ya hapo haitanifaa.

Shemejiyo,
Khelef bin Msabah


Mombasa
21 Januari 1955

Shemeji Khelef,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda nyuma ya karakana kutafuta. Bahati yako ina macho. Kuna lori hapa lililopinduka njia ya Mazeras, mbele limekuwa chapati, lakini injini yake haina hata mkwaruzo. Ni ya silinda sita, ukoo mmoja na yako, ila imezaliwa baada ya vita na kifua chake kipana. Nimeipima. Miguu yake inakalia pale pale yako ilipokalia, isipokuwa mmoja, ambao nitauchomea. Na oili yake husukumwa na pampu mpaka ndani ya mifupa. Ile yako huchota kwa vikombe, kama mtu anayeoga kwa kata.

Fundi wetu mkuu, Kalasinga mwenye ndevu mpaka kifuani, kanipa ruhusa niifanyie kazi wenzangu wakishatoka.

Sasa niambie hasa unataka nini. Injini ya kuvuta na injini ya kukimbia si moja, ijapokuwa zote mbili watu huziita zenye nguvu. Ndani mna chuma kirefu chenye nundu, na nundu hizo ndizo zinazofungua valvu. Nikizichonga kali, gari litaruka kama paa, ila likienda polepole litakohoa. Nikizichonga za wastani, litavuta tangu chini kama ng'ombe wa kinu, ila barabarani vijana wa mjini watakupita. Chagua wewe. Mengine nshayakata shauri. Matundu ya silinda nitayapanua niweke pistoni kubwa zaidi. Kichwa cha injini nitakikata uso kidogo, petroli ibanwe vyema kabla ya cheche. Na badala ya kabureta moja nitakuwekea mbili, silinda tatu za mbele zinywe kwao na tatu za nyuma zinywe kwao, zisigombee kikombe kimoja.

Lakini haraka ya nini? Gari limekohoa miaka yote hii, leo haliwezi kungoja masika yapite? Niambie, mimi si mtu wa nje.

Na Mashavu mwambie aniandikie. Tangu alipomzika mtoto mwaka juzi sijapata hata mistari mitatu ya mkono wake.

Wako,
Miraji


Kiwengwa
9 Februari 1955

Shemeji Miraji,

Mungu akupe nguvu. Kuhusu nundu, nnataka yote mawili, kuvuta na kukimbia. Najua utanuna. Ikiwa hapana budi kuchagua, chagua wewe kwa ujuzi wako, mimi ninachoogopa ni gari kunizimikia.

Huku nami sikukaa bure. Springi za nyuma nimeziongeza, na breki nimebadilisha zote nne, kwa sababu nguvu isiyokuwa na breki ni balaa. Kila Ijumaa baada ya sala nalipeleka gari barabara ya Bububu kulijaribu. Injini ni hii hii kongwe, lakini palipo na mteremko nalikimbiza mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha nalisimamisha ghafla. Watoto wa matajiri wanaotembeza magari yao jioni wamenizoea, wengine hunipigia honi.

Haraka yangu ni haraka tu, shemeji. Mtu akiwa na jambo analitaka.

Mashavu anasema ataandika. Kazi zimemzidi.

Khelef


Mombasa
17 Machi 1955

Bwana Khelef,

Jana Abrahman aliingia bandarini na meli yao. Ni mtu wetu, unamjua, tumecheza naye udogoni. Nilimpa chai, nikamuuliza habari za nyumbani. Akacheka, akasema, "Shemejiyo kawa rubani! Tulipokuwa tumetia nanga Malindi ya Unguja nilikwenda Bububu kwa mjomba, nikamuona anashindana na vijana wa mjini. Kawapita wawili, vumbi tupu. Watu wamesimama kando ya njia wanapiga makofi."

Chai yangu sikuimaliza.

Nilikuuliza haraka ya nini, ukanijibu kwa mafumbo. Sasa nnajua. Dadangu alimzika mtoto mwaka juzi. Mama yangu hawezi kuinua kijiko. Na wewe, mtoto wa watu wakubwa uliyelelewa na madereva na mashamba, unataka nikujengee kitu cha kupigiwa makofi Bububu. Na mimi mjinga, kila jioni mikono yangu imo ndani ya chuma hicho, nikidhani nafanya kazi ya watu wetu.

Silinda zimekwisha kupanuliwa. Kichwa kimekwisha kukatwa. Vitabaki hapa. Nimevifunika gunia, na gunia hilo mimi silifunui.

Mlishe mama. Mtazame mkeo.

Miraji


Kiwengwa
28 Machi 1955

Shemeji,

Sikushindana na mtu. Wale vijana walinifuata wao, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye breki.

Ninayo sababu, lakini nimetoa ahadi kwa mtu na siwezi kuivunja, hata kwako. Ukiweza kuniamini bila kuniona moyo, niamini. Usipoweza, sitakulaumu. Nitapanda kilima na injini niliyonayo, na Mungu ndiye msukumaji.

Khelef


Kiwengwa
4 Aprili 1955

Kaka yangu Miraji,

Naandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni. Usinicheke mwandiko. Mama kalala, na Khelef yuko chini ya gari, nnaiona miguu yake tu.

Barua yako ya mwezi uliopita ilipofika alikaa nayo muda mrefu. Nikamuuliza, "Kaka yangu anasemaje?" Akasema, "Anakusalimu." Nikamwambia, "Salamu gani hiyo inayomwachisha mtu chakula? Nisomee." Akakataa. Nikamshikilia wiki nzima mpaka akanisomea. Alipofika pale ulipoandika "mtazame mkeo" aliikunja karatasi, akatoka nje.

Kaka, mimi nina mimba. Imeingia mwezi wa nane.

Ahadi aliyotoa ni kwangu. Nilimwapisha asimwambie mtu, si wewe, si mama, mpaka mtoto alie tumsikie. Mara ile ya kwanza nilitangaza mapema. Kila mtu alikuja kunishika tumbo, vijinguo nikashona, na wewe ukaniletea kanga doti mbili. Kisha nikarudi nyumbani na vijinguo na kanga, mtoto hayupo. Safari hii nikasema, wacha macho ya watu yalale.

Na hujaambiwa ilivyokuwa. Uliandikiwa kwamba Mungu kapenda, nami ndivyo nilivyotaka uandikiwe. Ilikuwa hivi. Uchungu ulinianza asubuhi. Mkunga Bi Tabia alihangaika nami mpaka adhuhuri, kisha akanawa mikono akasema, "Huyu si wa mikono yangu. Mpelekeni mjini." Khelef akanipakia garini. Mpaka Mahonda tulikwenda vizuri. Pale Kidichi, katikati ya kilima, injini ikatetemeka ikazima. Akaiwasha, ikazima. Mimi siwezi kuteremka. Watu wakatoka mashambani wakasukuma. Matope, mvua, na mimi ndani nalia. Gari linapanda hatua, linarudi hatua. Nilikuwa nikimsikia mtoto anacheza, kaka. Tulipofika juu alikuwa hachezi tena.

Daktari aliniambia nyonga zangu ni nyembamba. Nikibeba tena nisijaribu nyumbani kabisa, nifikishwe kwake uchungu ukianza tu, anipasue. Utasema, mbona usikae mjini ukangoja? Mama nimwachie nani? Jirani yetu Bi Mwatum atakaa naye siku mbili tatu, na hizo nazo naziogopa. Mwezi mzima atafumba mdomo mpaka afe.

Basi Khelef anajenga injini. Sijui mwanamme mwengine angefanya nini, huyu anajenga injini. Abrahman kaona mwendo, uso wa dereva hakuuona.

Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Lakini injini ilete.

Dadako,
Mashavu


Mombasa
13 Aprili 1955

Dadangu Mashavu na shemeji yangu Khelef,

Nisameheni. Sitaandika zaidi juu ya hilo, kwa sababu kila mstari ninaouandika unanitoa kazini.

Siku ile ile barua ilipofika nilifunua gunia. Fundi mkuu akanikuta, akaniuliza nimepatana na shemeji? Nikamwambia injini hii si ya mchezo, ni ya kumwahisha dadangu hospitali. Alivua saa yake akaiweka juu ya meza, akakunja mikono ya shati, akasema kwa Kiswahili chake, "Basi leo mimi nashika, wewe nasoma kipimo." Tangu siku hiyo tunafanya wawili. Mzee yule mikono yake inasikia unywele.

Nundu nimezichonga za wastani. Injini hii itavuta, Khelef. Haitakupa makofi ya mtu, lakini ukiachia klachi kwenye mlima ukiwa umesimama, itaondoka. Hicho ndicho nilichokitafuta, iondoke ikiwa imesimama.

Sanduku linakuja kwa meli ya Abrahman. Sababu sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba ulimi wake umechelewesha kazi ya watu, akaona haya, akaapa atalala juu ya sanduku mpaka Malindi. Lipokee mwenyewe. Angalia mambo haya mawili. Kwanza, kabureta zimekuja hazijapatanishwa. Zisikilize kwa mpira wa maji uliotiwa sikioni, mpaka zote zivute pumzi sawa. Pili, kichwa nimekikata sana. Ikigonga, usiiendeshe hivyo hivyo, chelewesha cheche kidogo. Petroli ya kwetu haipendi kubanwa.

Mashavu, nimekusikia. Habari ya mimba sijamwambia mtu, hata fundi mkuu.

Miraji


Kiwengwa
8 Mei 1955

Shemeji yangu,

Ramadhani karimu. Nakuandika na saumu, vidole vyeusi, usishangae karatasi ikiwa na alama.

Injini imekaa. Tuliishusha kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo mbili za mnazi, wanaume sita wa hapa wakishikilia, na mguu ulioutia ulikaa mahali pake kama ulizaliwa hapo. Nilipoiwasha mara ya kwanza iliunguruma, ikapiga mshindo nyuma, kuku wa Bi Mwatum wakapanda juu ya banda, kisha ikatulia. Mama akatoa sauti ndani. Mashavu akaenda kumtazama kwa hofu, akamkuta anacheka upande mmoja wa uso.

Lakini usidhani nilistarehe. Kabureta zako mbili zilikuwa kama wake wenza, huyu akinywa yule ananuna. Zilinichukua siku tatu na ule mpira sikioni. Kisha nikapakia magunia ya nazi mpaka springi zikalala, nikaenda Kidichi. Ilipanda nusu ya kilima kama inateremka, halafu ikaanza kugonga, mlio wa kokoto ndani ya kopo. Nikasimama. Nilidhani nimeiua. Nikakumbuka maneno yako, nikachelewesha cheche kidogo, nikajaribu tena. Kokoto zikanyamaza. Ila kufika juu maji yalichemka yakatoka mvuke. Nimeagiza radieta kubwa ya lori kutoka mjini, nimeifunga jana, na leo imepanda mara tatu mfululizo haina jasho.

Sasa linalonitia hofu ni mvua. Njia ya kutoka hapa mpaka Kinyasini imekuwa uji. Mashavu anahesabu wiki tatu au nne. Anakwenda na kurudi uani kwa mkono kiunoni, akipita karibu na gari hulipiga boneti kidogo kwa kiganja, kama mtu anayepita karibu na ng'ombe wake.

Tuombee.

Khelef


Mjini Unguja
20 Mei 1955

Shemeji Miraji,

Simu ya maandishi niliyokupigia juzi posta ilikuwa maneno machache, kwa kuwa nilishindwa kumsemea karani zaidi. Basi moyo wako ushatulia. Sasa kaa nikusimulie.

Hakungoja wiki tatu. Jumanne, muda kidogo baada ya adhuhuri, nilikuwa uani nakaza nati za gurudumu. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Mashavu akaja mlangoni, akashika mwimo, akasema, "Khelef, washa."

Nikawasha. Bi Tabia akaja mbio na kanga kichwani, akaketi nyuma na Mashavu. Bi Mwatum akaingia kukaa na mama. Mashavu akataka lazima amuage, nikampeleka nimemshika. Akainama, akamwambia, "Mama, nnakwenda mjini, nitarudi." Mama akamtazama tumbo, akamtazama uso, na kwa ulimi wake ule mzito akasema, "Nenda. Nnajua siku nyingi." Kumbe alikuwa anajua, shemeji! Alinyamaza kwa sababu mwanawe alinyamaza. Mashavu alilia mpaka Kinyasini, na sijui kipi kilimliza, uchungu au mama.

Njia ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiandika. Magurudumu yanatafuta ardhi hayaioni. Lakini kila nilipokanyaga, injini ilijibu. Mahonda tukaipita alasiri inaadhiniwa. Bi Tabia nyuma anahesabu kwa sauti baina ya uchungu na uchungu, kila mara hesabu inakuwa fupi zaidi kabla ya kuanza tena. Nikaelewa, nikaacha kusikiliza.

Tukafika Kidichi. Nikashika kilima kwa gia ya pili. Tulipokaribia katikati, pale pale, nikaona mbele gari la ng'ombe limejaa nazi, gurudumu limezama, limeziba njia. Nikakanyaga breki.

Mashavu akanishika bega kutoka nyuma. "Khelef, usisimame hapa. Popote, si hapa."

"Njia imezibwa, Mashavu."

"Si hapa, wallahi si hapa!"

Watu wakatoka mabandani na magunia vichwani, wengine ni wale wale wa mara ile, wamelitambua gari. Wakaanza kulisukuma lile la ng'ombe kando. Mzee mmoja akaja dirishani kwangu akasema, "Teremsheni mizigo, tukusukumeni."

Bi Tabia akamjibu, "Mzigo wetu hauteremki, baba. Tupisheni tu."

Njia ikafunguka upana wa gari, si zaidi. Mbele yangu matope na mlima, nyuma yangu mke wangu ananung'unika jina la Mwenyezi Mungu. Yule mzee na wenziwe wawili wamekwenda nyuma, wametia mabega tayari. Nikatia gia ya kwanza. Nikaachia breki ya mkono na klachi pamoja, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Halikurudi nyuma, shemeji. Hata nusu hatua halikurudi. Lilitetemeka mara moja likaondoka. Niliwaona kwenye kioo wale watu watatu, mikono imenyooka mbele, hawana cha kusukuma. Tukapanda. Niliisikia injini inavuta kutoka chini kabisa, sauti nzito, haina haraka.

Mashavu akauliza, macho kayafumba, "Tushafika juu?"

"Tushafika."

Mimi sikuthubutu kugeuka wala kuuliza. Kisha akasema, "Anacheza. Khelef, anacheza huyu!" Bi Tabia akaweka mkono wake naye, akasema, "Mtukutu. Endesha, baba, endesha."

Kutoka hapo mpaka hospitali sikumbuki njia. Daktari aliyempasua mara hii ni yule yule aliyemwonya. Alimtazama, akasema amekuja kwa wakati, wakamwingiza. Mimi wakaniketisha kwenye baraza na nguo zangu za matope. Mzinga wa magharibi ukalia, watu wakafuturu. Muuguzi mmoja akaniletea maji na tende. Maji nikanywa. Tende niliishika, nikasahau kuwa nimeishika.

Ishaa imekwisha kupita mlango ukafunguliwa. "Khelef bin Msabah ni nani?"

"Naam!" Nilisema kwa sauti kama ninaitwa kutoka ng'ambo ya pili ya kisiwa.

"Mkeo mzima. Una binti. Nenda kamwambie apunguze sauti, wagonjwa wanataka kulala."

Nikaingia. Mashavu alikuwa mweupe kama karatasi, midomo imekauka, anatabasamu. Mtoto yuko pembeni mwake, mdomo wazi, analia kwa hasira, ngumi mbili zimekunjwa. Nikauliza Mashavu anajisikiaje. Akasema, "Nyamaza, nimsikilize." Tukamsikiliza, sote wawili, muda mrefu, tusimbembeleze.

Jana Bi Tabia alikwenda Kiwengwa akarudi na habari za huko. Mama siku ya kwanza alifumba mdomo kama tulivyoogopa. Bi Mwatum alipomwambia Mashavu kazaa na wote wazima, akaufungua mwenyewe, akataka uji. Amemaliza bakuli.

Daktari anasema siku kumi nyingine, kisha nitawarudisha. Nitakwenda polepole. Hakuna tena haraka yoyote.

Siku ya arubaini tutafanya karamu ndogo, na mjomba lazima awepo. Omba likizo.

Khelef


Mombasa
25 Mei 1955

Shemeji Khelef, na dadangu Mashavu, na huyo mgeni wetu,

Idi njema. Leo ni sikukuu na karakana imefungwa, ndiyo nimepata utulivu wa kuandika. Likizo nimeshapewa. Nitakuja, na fundi mkuu anakuletea radieta mpya kabisa, anasema ya lori kuukuu inamkosesha usingizi. Mwambieni mama nakuja kumlisha mimi, akifumba mdomo nitamfinya pua kama alivyokuwa akinifanya yeye kwa dawa ya minyoo.

Nataka nikuelezeni ilivyokuwa siku ya simu.

Ilinikuta mashineni. Mtu wa posta alisimama mlangoni na ile bahasha, akaita jina langu, na karakana nzima ikageuka, kwa sababu watu kama sisi hatuletewi simu ila kwa jambo moja. Fundi mkuu akaizima mashine yangu kwa mkono wake. Nikaifungua ile karatasi. Nikaisoma, herufi zikacheza, nikaisoma tena. Kisha nikakaa chini penye vumbi la chuma, nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, mbele ya vijana ninaowafundisha kazi.

Wote wakaja. Wakanishika mabega. "Pole, Miraji. Pole, ndugu yetu. Ni kazi ya Mungu." Fundi mkuu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni mama?" Nikatikisa kichwa kukataa. "Ni dada?" Nikatikisa kichwa. Hakujua tena amtaje nani. Wamenizunguka wote wamevua kofia zao, wananitazama kwa huruma, na mimi ninapigana na pumzi yangu ili niweze kuwaambia.

Mpaka nikaipata. Nikawaambia, "Hakuna. Hakuna aliyekufa."

Ndugu yenu,
Miraji